Joto la boda: linatoka wapi, linafikaje mguuni, na nguo inalifanya nini

Kila mwaka kuanzia Januari hadi mvua ya masika inapofika, mabishano yale yale hurudi kwenye steji za boda boda za Nairobi. Mmoja anasema koti zito ndilo linalompika mtu. Mwingine anajibu kwamba koti ndilo linalomkinga na joto la injini. Wa tatu anaapa kuwa pikipiki inayochoma miguu ni mbovu na yafaa ipelekwe kwa fundi. Kuna anayemwagia injini maji akifika steji, na kuna anayeizima kila baada ya safari ndefu ili ipumzike.

Mabishano hayo hayaishi kwa sababu kila mmoja anazungumzia joto tofauti. Kuna joto ambalo injini hulitupa nje kwa kawaida yake. Kuna lile linalofika mguuni. Kuna joto la jua na la lami. Na kuna joto ambalo mwili wenyewe hulitengeneza na lazima utafute njia ya kulitoa. Nguo moja yaweza kuwa kinga nzuri dhidi ya joto la mguuni na papo hapo ikalifungia ndani joto la mwili. Ukiyatenganisha haya manne, mengi yanayobishaniwa hupata jibu.

Injini isiyo na maji

Pikipiki nyingi za biashara zinazozunguka Nairobi, ziwe Boxer, TVS au Honda ndogo, zina injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa. Magari na pikipiki nyingi kubwa huzungusha maji ndani ya injini, kisha maji hayo hupozwa kwenye rejeta yenye feni. Boda haina vitu hivyo. Ina mapezi, yale mabamba membamba ya aluminiamu yaliyopangana kuizunguka silinda. Kazi yake ni moja: kuongeza eneo ambalo upepo unaweza kuligusa na kuondoka na joto. Ndiyo maana silinda imewekwa nyuma tu ya tairi la mbele, mahali ambapo upepo wa safari huipiga moja kwa moja.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote hii, na naomba msomaji akishike: mwendeshaji naye anapozwa kwa hewa. Jasho lake na mapezi ya injini vinategemea upepo ule ule. Boda ikienda, wote wawili wanapata nafuu. Ikisimama kwenye foleni ya Landhies Road saa saba mchana, wote wawili wanakosa upepo kwa wakati mmoja, na injini yenye kichwa cha silinda cha nyuzi 150 au zaidi imekaa katikati ya magoti ya mtu mwenye nyuzi 37.

Joto lenyewe ni kiasi gani? Petroli ikiungua ndani ya silinda, sehemu ndogo tu ya nguvu yake hufika kwenye tairi. Kwa injini ndogo kama hizi ni kama robo. Robo tatu zilizobaki hugeuka joto, na joto hilo lisipotoka, mafuta ya injini huharibika, pistoni hupanuka na kukwama. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 32. Pikipiki inayokwenda kilomita 45 kwa lita, ikitembea kilomita 45 kwa saa, humaliza lita hiyo kwa saa moja. Hesabu hiyo inatupa karibu kilowati 9. Toa robo ya tairi, unabaki na kilowati 6 na nusu hivi za joto. Hita ya umeme ya bafuni, ile inayofungwa juu ya bomba la kuogea na kuifanya mita ya stima ikimbie, huvuta kama kilowati 5. Kwa hiyo mwendeshaji amekalia joto linaloishinda hita ya kuogea, na kati ya joto hilo na mguu wake kuna sentimita chache tu.

Karibu nusu yake huondoka na moshi kupitia bomba. Inayobaki hupita kwenye mapezi na kwenye chuma kinachozunguka mafuta ya injini. Mafuta hayo watu wengi huyafikiria kama kilainishi peke yake, lakini katika injini isiyo na maji ndiyo yanayobeba joto kutoka chini ya pistoni na kulileta kwenye ukuta wa nje. Boda huwa na takriban lita moja tu ya mafuta. Yakipungua kwa glasi moja, huo si upungufu mdogo.

Njia tatu za kufika mguuni

Njia ya kwanza ni kugusa. Hii ndiyo inayounguza. Chuma chenye nyuzi 60 kinaweza kuunguza ngozi vibaya ndani ya sekunde tano hivi, na kikifika nyuzi 70 sekunde moja yatosha. Bomba la moshi baada ya safari huwa na joto kupita hapo kwa mbali sana, hasa karibu na pale linapotoka kwenye silinda, na halibadiliki rangi kukuonya. Lililotulia limeegeshwa kando ya barabara linafanana kabisa na lililopoa.

Njia ya pili ni hewa. Upepo unaopita kwenye mapezi huondoka ukiwa moto, na njia yake ya kwenda nyuma hupitia kwenye miguu na magoti ya mwendeshaji. Hewa hii haiunguzi, lakini huchosha. Hapa pia lipo jibu la yule anayesema pikipiki inayochoma miguu ni mbovu. Joto unalolisikia mguuni ni lile ambalo tayari limeshatoka kwenye injini, na hiyo ni dalili kwamba mapezi yanafanya kazi. Injini iliyozidiwa hujitambulisha kwa namna nyingine: nguvu inapungua ukipanda mlima, inagonga ukiongeza mwendo, harufu ya mafuta yaliyoungua inatoka, klachi inateleza, au unazima swichi na injini inaendelea kujikokota kwa muda. Ukiona hizo, nenda kwa fundi.

Njia ya tatu ni mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga usioonekana. Weka kiganja ubavuni mwa silinda bila kuigusa, pikipiki ikiwa imesimama. Ule ukali unaousikia hauhitaji upepo kuuleta. Kitu chochote kinachokaa katikati huukata, hata kitambaa chepesi, mradi kitambaa hicho hakijashikana na ngozi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi kuhusu rangi. Kwa jua, nguo nyeusi hunyonya joto zaidi kuliko nyeupe, na kwa mji ulio karibu na ikweta kama Nairobi tofauti hiyo ni kubwa. Kwa injini, rangi haina maana. Joto la chuma chenye nyuzi 150 ni la aina ambayo vitambaa vyeusi na vyeupe hulinyonya karibu sawa. Kwa hiyo koti jeupe ni wazo zuri, lakini dhidi ya joto la injini suruali nyeupe haitakuongezea chochote zaidi ya kazi ya kufua.

Foleni, maji na mapumziko

Ukiwa kwenye Thika Road kwa kasi ya kilomita 60, injini huchoma petroli nyingi na kutoa joto jingi, ila upepo nao ni mwingi. Joto linaloingia na linalotoka hulingana na chuma hutulia kwenye kiwango kimoja. Injini nzima yenye mafuta ya kutosha inaweza kukaa katika hali hiyo kwa saa nyingi. Haichoki kama misuli. Kwa hiyo dhana kwamba injini lazima izimwe kila baada ya muda fulani ili ipumzike haina msingi, isipokuwa kwa pikipiki mpya ambayo mtengenezaji ameiwekea masharti ya kilomita za mwanzo. Anayehitaji mapumziko ni mwendeshaji.

Mambo hubadilika kwenye foleni. Petroli inayochomwa injini ikiwa imesimama ni kidogo, lakini upepo ni karibu sifuri, na matatu zilizo kulia na kushoto zinaongeza joto lao. Ikiwa unaona foleni haitasogea kwa dakika kadhaa, zima. Wapo wanaosema usizime kwa sababu ukizima joto linapanda. Kuna chembe ya kweli: kwa muda mfupi sehemu za nje zinaweza kupata joto zaidi, kwa kuwa joto la ndani linaendelea kutoka huku mafuta yameacha kuzunguka. Lakini hakuna joto jipya linalotengenezwa, na baada ya hapo ni kushuka tu.

Kumwagia injini maji ni jambo ambalo ningependa likome kabisa. Chuma kilicho moto kikipigwa na maji baridi upande mmoja, upande huo husinyaa ghafla wakati mwingine bado umepanuka. Kichwa cha silinda kinaweza kupinda, gasketi ikaanza kuvuja, kauri ya plagi ikapasuka. Huenda usione lolote mara ya kwanza wala ya pili. Juu ya hayo, mvuke unaoruka hapo unaunguza vibaya, na mara nyingi usoni, kwa sababu mtu huwa ameinama. Kwenye sehemu za kuosha pikipiki ni vivyo hivyo: ngoja hadi uweze kuweka kiganja kwenye injini bila kukitoa haraka.

Kuna kosa jingine linalofanywa kwa nia njema kabisa. Msimu wa mvua waendeshaji wengi hufunga turubai, kipande cha mpira au hata bango la plastiki kwenye gadi ya mbele, ile fremu ya chuma iliyo mbele ya injini na miguu, ili maji na matope yasiwapige miguu. Mguu unapata kinga, injini inanyimwa upepo. Mvua inapoisha turubai hubaki hapo hapo, na Februari inafika injini ikiwa imefunikwa kifua. Kama ni lazima, funga kwenye pembe za nje mbele ya miguu tu, uache nafasi iliyo mbele ya silinda wazi. Na yale matope yaliyokauka katikati ya mapezi, hasa kwa wanaofanya kazi barabara za vumbi huko Ruai, Kamulu na Utawala, yaondolewe. Udongo ni blanketi.

Watu wengine husema injini hupata joto sana Nairobi kwa sababu ya mwinuko wa jiji. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15 hadi 20. Hewa nyepesi kweli hubeba joto kidogo. Lakini hiyo hiyo huipa injini oksijeni kidogo, kwa hiyo nguvu na joto navyo hupungua. Yanafidiana kwa kiasi kikubwa, na mwendeshaji hana haja ya kujisumbua nayo.

Nguo za miguu: zuia joto lisiingie

Kuanzia kiunoni kwenda chini, kazi ya nguo ni kinga. Joto liko nje na linataka kuingia.

Swali la kwanza kuhusu suruali ni hili: ikigusa bomba, itafanya nini? Pamba haiyeyuki. Ikizidiwa na joto hugeuka kahawia, kisha mkaa. Jinzi ya pamba iliyo nzito hukupa sekunde kadhaa za kuvuta mguu, na mara nyingi sekunde hizo ndizo zinazotofautisha wekundu na lengelenge. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi, na aina za nailoni kati ya 220 na 260. Kabla ya kufika hapo huwa tayari zimelainika na kusinyaa. Kitambaa kilichoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza hata baada ya mguu kuondoka kwenye bomba, na daktari hulazimika kukitoa kipande kwa kipande. Suruali za mvua, raba za plastiki, suruali za michezo na legingi zote zimo katika kundi hili. Wengi mnaijua ile harufu.

Swali la pili ni ulegevu. Nafasi ya hewa kati ya kitambaa na ngozi ni kinga yenyewe. Suruali pana ya pamba nyepesi inaweza kukulinda na mnururisho kuliko suruali nene iliyobana. Legingi imekosea kwa pande zote: ni nyembamba, imeshikana na ngozi, na inayeyuka.

La tatu ni unyevu. Nguo iliyolowa hupitisha joto haraka kuliko iliyokauka, na maji yaliyo ndani yake yakigeuka mvuke yanaunguza. Usidhani kwamba suruali iliyolowa mvua ni kinga.

Kuhusu miguu yenyewe, ndara na sandali hazifai, si kwa sababu ya joto tu. Kiatu cha ngozi kinachofunika kifundo pamoja na soksi ya pamba kinatosha kabisa. Gambuti ni nzuri kwa matope ya mvua, lakini ni ya plastiki au mpira, haipitishi jasho, na ikiegemea bomba inatoboka. Ivae wakati wa mvua, uivue mvua ikiisha.

Nguo za juu: acha joto litoke

Kuanzia kiunoni kwenda juu kazi inageuka. Joto la injini halifiki kifuani kwa kiasi cha kutisha. Joto linalosumbua hapo ni la jua kutoka nje na la mwili kutoka ndani. Mwili uliokaa tu hutoa karibu wati 100 za joto, na anayeendesha hutoa zaidi. Njia kuu ya kuliondoa kukiwa na joto ni jasho, na jasho hupoza likikauka juu ya ngozi. Gramu moja ikikauka huondoka na takriban juli 2,400. Ikitiririka mgongoni na kuishia kwenye mkanda wa suruali, haiondoki na chochote cha maana.

Sasa fikiria lile koti nene la mtumba kutoka Gikomba, lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya, ndani limejazwa pamba ya plastiki na nje ni nailoni isiyopitisha hewa. Ndani yake hewa hushiba unyevu, na jasho halina pa kukaukia. Anayelivaa mchana anasema halimsumbui kwa sababu amezoea. Mwili hauzoei kukosa maji. Maumivu ya kichwa ya saa kumi alasiri, uzito wa macho, hasira za bure kwa abiria, kukosea hesabu ya pengo kati ya basi na ukuta: mengi ya hayo ni upungufu wa maji na joto lililokosa njia. Wengi hukwepa kunywa maji kwa kuwa kupata choo karibu na steji ni shida. Hilo ni tatizo la kweli na linastahili kupiganiwa na vyama vya boda kama wanavyopigania sehemu za kuegesha, kwa sababu kinga yake haiuzwi dukani.

Wengi watauliza: na nimonia je? Imani kwamba upepo wa pikipiki ukikupiga kifuani unaleta nimonia ina nguvu kuliko nyingine zote, na ndiyo inayowafanya watu wavae makoti hayo hata jua likiwa utosini. Nimonia huletwa na vimelea: bakteria, virusi, na wakati mwingine kuvu. Upepo pekee, bila vimelea, hauwezi kuileta. Mwenye kikohozi kisichoisha, homa na maumivu ya kifua anahitaji hospitali. Kuongeza koti la pili hakutamtibu.

Hata hivyo, wanaoogopa baridi wana sababu. Asubuhi za Julai Nairobi hushuka hadi nyuzi 10 au 12. Kwa hesabu inayotumika kupima baridi ya upepo, nyuzi 10 kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa huhisiwa mwilini kama nyuzi 5. Vidole hufa ganzi, na vidole vilivyokufa ganzi hukawia kukamata breki. Kwa hiyo anayetoka Kikuyu saa kumi na moja alfajiri kupitia Waiyaki Way akiwa amejifunika gubigubi yuko sawa kabisa. Kosa ni kuwa na koti lile lile saa saba mchana.

Angalia mbinu ambayo waendeshaji wenyewe wameibuni: kuvaa koti kinyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani na zipu ikiwa nyuma imeachwa wazi. Wengine huicheka. Mimi naona ni akili. Kifua na shingo vinapata kinga dhidi ya upepo wa moja kwa moja bila mwanya wa zipu, na mgongo unabaki na mlango wa kutolea joto na unyevu. Udhaifu wake ni mmoja: ukipakia abiria, mlango huo unafungwa na kifua chake.

Kilicho bora zaidi ni tabaka mbili au tatu nyepesi badala ya moja nene. Fulana ya kupitisha hewa ndani, shati au sweta katikati, na koti jepesi lisilopitisha upepo nje, ambalo linaingia kwenye begi jua likipanda. Usiache mikono wazi hata kukiwa na joto: shati la mikono mirefu la pamba nyepesi hukinga jua, na ukianguka lina nafuu kuliko ngozi tupu. Juu ya yote vaa rifleta, ile fulana inayoakisi mwanga, ambayo sheria inaitaka kwa mwendeshaji na abiria. Chagua ile ya wavu.

Kuna jambo moja la ajabu kuhusu upepo. Ngozi ya mtu ina nyuzi 33 hadi 35. Hewa ikiwa chini ya hapo, upepo unakupoza. Ikipita hapo, upepo wenyewe unakuletea joto na kinachokuokoa ni jasho tu. Mchana wa kiangazi Garissa au Lodwar hewa hupita kiwango hicho, na kufungua koti huko kunaweza kukuongezea joto, ndiyo maana watu wa maeneo yale hujifunika kwa vitambaa vyepesi na vipana. Nairobi haifiki huko. Hapa, hata siku kali ya Machi, hewa ya nyuzi 28 bado ni baridi kuliko ngozi yako. Upepo wa Nairobi ni rafiki wakati wote wa mchana, ukiruhusiwa kupita.

Kofia nayo hulaumiwa sana kwa joto. Kichwa ni karibu asilimia 10 ya eneo la mwili, na ule usemi kwamba joto jingi la mwili hutokea kichwani si kweli. Mapitio ya tafiti nyingi yameonyesha kofia hupunguza hatari ya kufa kwenye ajali kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Fungua matundu yake, inua kioo ukiwa kwenye foleni, vaa kitambaa chepesi cha pamba ndani. Kuivua si mojawapo ya njia za kujipoza.

Abiria na bomba

Kwenye boda nyingi bomba liko kulia. Sisi huendesha kushoto mwa barabara, kwa hiyo upande wa kushoto ndio uliotazamana na kando ya njia. Panda kushoto, shuka kushoto. Wengi wanaoungua wameshuka kulia kwa haraka, au wamepanda wakiwa na mizigo na mguu ukakosa kikanyagio. Mwendeshaji anaweza kulisema hilo kwa maneno mawili kila safari: "Shukia huku, mama." Wenye dera, buibui au leso wakusanye pindo upande wa kushoto kabla boda haijang'oka. Kitambaa cha poliesta kikigusa bomba kinanata, na kikishikwa na mnyororo au tairi hatari huwa kubwa kuliko ya kuungua.

Bomba likitoka kiwandani huwa na kinga, kile kibati chenye matundu kilichoachiwa nafasi kidogo ya hewa. Ni kitu kidogo cha bei nafuu, na ndicho hung'oka kwanza. Bomba likitoboka na kuchomelewa, mara nyingi kinga hairudishwi. Abiria angalia, na mwendeshaji irudishe. Maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road hayakosi.

Watoto ndio wanaonisikitisha zaidi. Sheria inaruhusu abiria mmoja, lakini kila asubuhi ya shule utaona watoto watatu juu ya boda moja, mmoja ameketi mbele juu ya tangi, miguu ikining'inia pembeni mwa silinda. Kaptura, soksi fupi, ngozi nyembamba kuliko ya mtu mzima inayoungua kwa joto dogo na kwa muda mfupi zaidi. Mtoto huyo hawezi kuegemea kwingine.

Pikipiki za umeme, ambazo siku hizi zimejaa barabarani, hazina bomba la moshi, na sehemu kubwa ya nishati yake huenda kwenye tairi badala ya kugeuka joto. Abiria wake hana cha kumuunguza shavu la mguu. Jua, lami na jasho, hata hivyo, ni vile vile, na yote yaliyosemwa kuhusu nguo za juu yanabaki.

Mtu akiungua, peleka mguu chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Hesabu kwa saa. Vua kiatu na soksi kabla mguu haujavimba, lakini kitambaa kilichonata kwenye ngozi usikivute. Usipake dawa ya meno, siagi, unga, mafuta wala yai, kwa kuwa hivyo hufungia joto ndani na kualika vimelea. Barafu nayo huumiza ngozi zaidi. Usipasue lengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, kisha nenda kituo cha afya ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mwenye kuungua, ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, sehemu iliyoungua haina hisia, au aliyeungua ni mtoto mdogo au mtu mwenye kisukari. Ukifika huko uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa kama hukumbuki uliipata lini mara ya mwisho.